Kuvu kwenye majani ya mtoni: glukosamini imenipa asilimia 41, niiamini?

Mwana_Karura
Habari zenu wadau. Nasomea uzamili hapa Nairobi, na utafiti wangu ni wa kuvu zinazoozesha majani mtoni. Nilitia majani ya mukinduri kwenye mifuko ya wavu, nikaifunga kwenye mizizi ya ukingoni ndani ya msitu wa Karura, nikaitoa baada ya wiki tatu. HPLC ya maabara yetu (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) imeharibika, kwa hiyo nilipima glukosamini, sukari inayotokana na kitini, dutu ngumu ya kuta za seli za kuvu. Hesabu inasema asilimia 41 ya uzito mkavu ni kuvu! Jani lenyewe nikiliinua juani bado lina nyama yake. Nusu ya majani niliyakausha kwenye oveni nikayapima, nusu yako kwenye friza. Nimebakiza miezi miwili niwasilishe. Nifanyeje?

Dada_Pipeti
Pole sana. Uliyaosha vipi kabla ya kuyakausha?

Mwana_Karura
Niliyasuuza tu kwa maji ya mto, dada.

Dada_Pipeti
Basi tatizo huenda liko hapo. Toa jani moja kwenye friza, liweke kwenye sahani nyeupe yenye maji, ulipitishie brashi laini polepole. Tazama mashimo kando ya mishipa, ndimo vibuu vya usubi hujificha. Ngozi ya mdudu ni kitini vilevile, na akijivua gamba huliacha hapohapo. Mbinu yako haimtofautishi mdudu na kuvu.

Tafuta ergosteroli. Hiyo ni aina ya mafuta inayokaa kwenye utando wa seli za kuvu, na jani halina, mdudu hana. Ila uwashughulikie mwani, maana baadhi ya mwani wa kijani wanayo, kwa hiyo brashi ile usiiruke. Omba kutumia HPLC ya maabara nyingine hata kwa siku mbili. Majani ya friza yakate vipande vya duara, uvitie moja kwa moja kwenye methanoli yenye potasiamu haidroksidi, nyuzi 80 kwa nusu saa, kisha usafishe na usome kwa mwanga wa nanomita 282. Chupa zifunike kwa foili tangu mwanzo. Mwanga huiharibu ergosteroli, na jua la dirishani la mchana mmoja linaweza kukuharibia kazi. Yale ya oveni yaache, joto limeshayagusa.

Fundi_wa_Mito
Naunga mkono, na niongeze hesabu. Wengi hutumia miligramu 5.5 za ergosteroli kwa kila gramu ya kuvu kavu, kutoka kwa watafiti Gessner na Chauvet, 1993. Ukipata miligramu 0.55 kwa gramu ya jani, hiyo ni miligramu 100 za kuvu, yaani asilimia 10, na hapo ndipo majani mengi ya mtoni huangukia. 41 ilipaswa kukushtua, na ninafurahi ilikushtua. Lakini 5.5 ni wastani: spishi hutofautiana kutoka takriban 2 hadi 11. Kwenye tasnifu andika ergosteroli yenyewe kwanza, kisha makadirio ya kuvu.

Mto_Msafi
Samahani Fundi, kuna jambo mmelipita. Kaitridi, kundi la kuvu wadogo sana, wengi hawana ergosteroli, na oomiseti, wanaofanana na kuvu lakini si kuvu halisi, hawana pia. Mto ukiwa na maji taka hao huweza kuwa wengi. Kisha kuvu ikifa gizani, ergosteroli haitoweki mara moja, kwa hiyo msiiite kipimo cha kuvu hai tupu.

Fundi_wa_Mito
Kweli kabisa. Ila kwenye jani linalooza, kazi kubwa hufanywa na haifomiseti wa majini, yaani kuvu wa nyuzinyuzi wanaoishi kwenye majani yaliyozama, na hao wanayo ergosteroli. Aeleze mpaka huo kwa sentensi mbili, atakuwa salama.

Mwana_Karura
Asanteni sana. Nimefanya la sahani usiku huu jikoni. Jani moja la mukinduri limetoa vibuu 11, vyekundu, vyembamba kama uzi, na magamba matupu ambayo sikuyamaliza kuhesabu. Kesho asubuhi naenda kumwonyesha msimamizi wangu sahani yenyewe, kisha tuombe HPLC kwa jirani. Foili nimeshanunua.