Kuna ubaya kuacha Bluetooth ya simu ikiwa imewashwa kutwa nzima?

Swali
Ndugu zangu, habari za leo. Ninatumia vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya pamoja na saa inayopima mapigo ya moyo, hivyo Bluetooth ya simu yangu haizimwi tangu asubuhi hadi ninapolala. Jirani yangu anasisitiza kwamba inamaliza chaji na kuwapa wezi wa taarifa nafasi ya kuingia. Je, ana hoja?

Mchangiaji wa kwanza
Kuhusu chaji, hofu hiyo ilikuwa na msingi zaidi zamani. Toleo la 4.0 la Bluetooth, lililotoka mwaka 2010, lilileta utaratibu wa kutumia umeme kidogo sana, ambapo kifaa hulala, huamka kwa muda mfupi mno kutuma taarifa chache, kisha hulala tena. Ndiyo maana saa yenye betri ndogo hudumu siku kadhaa. Kioo cha simu hula chaji nyingi kuliko Bluetooth. Udhaifu ninaouona mimi ni sauti kukatika, kwa sababu masafa ya redio ambayo Bluetooth hutumia, ya gigahezi 2.4, hutumiwa pia na Wi-Fi na oveni za maikrowevu, na hata mwili wa binadamu huyafyonza.

Mchangiaji wa pili
Naomba tusimpuuze jirani. Mwaka 2004 kirusi kilichoitwa Cabir kilisambaa kwa Bluetooth katika simu za Symbian, mfumo endeshi wa simu za zamani, ingawa mwenye simu alipaswa kwanza kukubali kukipokea. Udhaifu uliotangazwa mwaka 2017 kwa jina la BlueBorne ulikuwa mbaya zaidi, kwani mshambuliaji aliye karibu hakuhitaji kuunganishwa wala kukubaliwa. Ilitosha Bluetooth iwe imewashwa. Marekebisho yalitolewa, lakini simu ambazo watengenezaji wake wameacha kuzihudumia, zikiwemo nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika, huenda hazikuyapata kamwe. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama: ikiwa ni ya karibuni, iache iwake; ikiwa ni ya miaka mingi iliyopita, izime usipoihitaji. Vilevile, ukiunganisha simu na gari la kukodi, futa muunganisho kabla ya kulirudisha, kwa kuwa gari linaweza kubaki na orodha yako ya majina na namba.

Mchangiaji wa tatu
Mimi naitetea Bluetooth kwa jambo moja: kutumiana mafaili kwayo hakuhitaji bando wala mtandao, na hata simu nyingi za vitufe zinayo. Wimbo wa megabaiti 5 hufika ndani ya nusu dakika hivi. Video ya megabaiti 500, hata hivyo, inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Hapo tumia programu inayounganisha simu mbili moja kwa moja kwa Wi-Fi, ambayo nayo haigusi bando. Ila iPhone haipokei mafaili kutoka Android kwa Bluetooth.

Muuliza swali
Nashukuruni sana. Sasisho langu la mwisho ni la mwaka 2019, kwa hiyo nitaizima ninapokuwa sokoni na stendi. Je, vipimo vya saa vitapotea?

Mchangiaji wa pili
Hapana, saa nyingi huvihifadhi zenyewe na kuvituma simu inapounganishwa tena. Usikae siku nyingi tu bila kuunganisha, maana kumbukumbu yake ni ndogo.