Mti wa vimiiba na maua meupe: ni mgunga upi huu? Naombeni msaada

MtafutaMajani: Wakuu, heshima zenu. Kuna mti umenishinda. Vijani vyake ni vidogo vidogo kama vya mgunga, maua meupe yamejipanga kwenye kikonyo kirefu kama mkia, ganda la mbegu ni bapa. Kitabu changu cha zamani kinaupeleka Acacia, jina la kisayansi la migunga, lakini orodha mpya chini ya jina hilo naona karibu zote ni miti ya Australia! Nianzie wapi?

Mwanahebaria: Anza na miiba, mkuu. Migunga ya Afrika imegawanywa, mingi kwenye makundi mawili yenye majina mapya. Vachellia ina miiba iliyonyooka, miwili miwili, na maua yake kwa kawaida ni viduara. Senegalia ina vimiiba vilivyopinda kama ndoana, na maua mara nyingi ni ya mkia kama hayo yako. Jina Acacia walipewa Waaustralia kwenye mkutano wa wanabotania wa Vienna 2005, likathibitishwa Melbourne 2011. Watu walinuna sana, nami nikiwemo.

Kifundo: Asije akajifunga na kanuni hiyo. Faidherbia albida ina miiba iliyonyooka NA maua ya mkia, tena hupukutisha majani wakati wa mvua. Vachellia tortilis nayo hubeba miiba ya aina zote mbili. Vimiiba vyako viko vingapi kila kifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye tawi?

MtafutaMajani: Vitatu, vyote vimepinda. Cha kati kinatazama chini, viwili vya pembeni vinatazama juu.

Kifundo: Basi Senegalia senegal, ule wa gundi ya Kiarabu. Kuna ndugu zake wachache wenye vitatu pia, kwa hiyo ganda bado linahitajika kuthibitisha.

Mwanahebaria: Naunga mkono. Ua nalo lifungue: stameni (vile vijiuzi vyenye chavua) ziwe nyingi na kila moja imejitegemea. Ukizikuta zimeungana chini kuwa mrija, umeangukia upande wa Albizia, kundi jingine la miti, ingawa hao kwa kawaida hawana miiba.

MtafutaMajani: Shukrani. Kwenye lebo ya sampuli, familia ndogo niandike Mimosoideae?

Mwanahebaria: Hapana. Tangu 2017 jamii ya mikunde ina familia ndogo sita, na Mimosoideae imeingizwa ndani ya Caesalpinioideae. Andika hiyo. Na ganda ukilipiga picha, weka rula pembeni, maana bila kipimo tutabishana hapa mpaka kesho.