Programu ya Java inafunguka Ubuntu, Windows ya dukani inagoma

MwanaKodi: Wakuu, habari za jioni. Nimeandika programu ya bei na stoku ya duka la dawa kwa Java 17, madirisha yake ni JavaFX (maktaba ya kuchora madirisha). Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu inapiga kazi vizuri. Dukani wana Windows 10. Nimepeleka jar (faili la programu ya Java) kwa flashi, ukibofya mara mbili kimya. Nikaiita kwa amri, ikatoa `UnsupportedClassVersionError` na namba 61.0 na 52.0. Duka halina intaneti. Niondoe Java ya zamani niweke mpya?

Fundi_Mitambo: Mkuu, jibu liko kwenye hizo namba. 61 ni Java 17, 52 ni Java 8. Ya dukani haiwezi kusoma ulichojenga. Usiiondoe! Huenda kuna programu nyingine inayoitegemea, na ikigoma asubuhi wateja wamejaa utaitwa wewe.

Beba Java yako ndani ya programu. Tumia `jpackage --type app-image`, zana ya kufungasha programu: unapata folda yenye exe (faili la kufungulia programu kwenye Windows) na Java yake humo humo, unainakili kwa flashi, basi. Ila jpackage ya Ubuntu haitoi exe. Azima mashine ya Windows, weka JDK 17 (vifaa vya kujengea programu za Java), jengea huko. Na JavaFX haiji tena na JDK ya kawaida tangu toleo la 11. Chukua maktaba za Windows, zile za Linux hazitafungua dirisha.

MwanaKodi: Imefunguka, asante sana mkuu! Lakini orodha ya dawa kutoka CSV (faili la jedwali la maandishi) inaandika "Âµg" badala ya "µg", yaani mikrogramu. Ubuntu haikuwa hivi.

Fundi_Mitambo: Hilo limalize kabla hakijauzwa hata kidonge kimoja. Kipimo cha dawa lazima kisomeke sawasawa.

Faili lako ni UTF-8, aina moja ya usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi kwenye faili. Java 17 kwenye Windows hufuata usimbaji wa mfumo, na `FileReader` (inayosoma faili) usipoiambia kitu hufuata huo huo. Kuanzia Java 18 ndipo UTF-8 imekuwa chaguo-msingi kila mahali. Andika `new FileReader(faili, StandardCharsets.UTF_8)`, na unapoandika faili fanya vivyo hivyo. Kisha fungua dawa zote za mikrogramu, moja moja, uzilinganishe na pakiti.

Pwani_Dev: Kagua na majina ya faili. Windows haibagui `Bei.csv` na `bei.csv`, Ubuntu inabagua. Na kama umeandika `/home/...` popote, hiyo ni njia ya Ubuntu; weka `System.getProperty("user.home")`, inayotoa folda ya mtumiaji.