Mbio Jumapili, viwanda vidogo vya bia wikiendi hiyo hiyo: tupangeje?

Mwendo_Pole:
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne. Watatu tunakimbia nusu marathoni Jumapili saa 12 asubuhi, mmoja anakuja kutushangilia. Mji huo una viwanda viwili vidogo vya bia vinavyopokea wageni, na sote tunapenda bia ambayo aliyeipika yupo hapo hapo unamuuliza maswali. Tunafika Jumamosi mchana, tunarudi Jumapili jioni kwa gari. Mwenzetu anasisitiza tuvimalize vyote viwili Jumamosi, ili baada ya mbio tupumzike tu. Mimi roho inasita. Mliowahi kuchanganya haya mambo mawili, mlipangaje?

MamaPesi:
Ndugu yangu, isikilize roho yako. Mimi nakimbia na bia naipenda, na kwa hili sibadiliki: Jumamosi nendeni kuona, Jumapili nendeni kunywa.

Anzeni na miguu. Watu wanawaza pombe tu, wanasahau kwamba kutembelea kiwanda ni ngazi za chuma na sakafu iliyolowa maji, na sehemu nyingi hawakuruhusu kuingia na ndala. Sasa mwambie mtu aliyetoka kumaliza kilomita 21, kucha zinamuuma, avae viatu vya kufunika vidole kisha ashuke ngazi! Kushuka kunauma kuliko kupanda. Jumamosi mtapanda na kushuka bila tabu. Kiwanda kimoja, saa moja, halafu mkachukue namba zenu za mbio mkalale.

Na ziara hiyo muifaidi. Pigeni simu mapema muulize wanapika siku gani, maana vingine wikiendi havipiki. Mkibahatika kukuta kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kimelowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, msiharakishe kuondoka, hapo ndipo wanga unageuka sukari ambayo chachu itakuja kuila. Ombeni punje za kimea mtafune. Cheupe kina utamu, kile kilichokaangwa hadi kikawa cheusi kinaacha uchungu wa kahawa mdomoni. Kisha ombeni hopsi kidogo, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, msugue viganjani mpaka ule unga wa njano utoke, mnuse. Vidole vinanata, na harufu haitoki upesi. Kesho yake mkinywa bia hiyo mtajua kila ladha imetoka wapi, na Jumamosi yote hamjagusa tone la kileo.

Usiku wa kuamkia mbio mimi sinywi hata moja. Kileo kinaizuia homoni inayoiambia figo itunze maji, halafu kinakuvuruga usingizi saa za alfajiri, zile zile ambazo mtu wa kuamka mapema anazihitaji.

Mkishavuka mstari wa mwisho, msikimbilie glasi. Jipimeni uzito kabla na baada ya mbio. Kila kilo iliyopungua, rudisheni taratibu kama lita moja na nusu ya maji, pamoja na chumvi na chakula cha kushiba. Mkojo ukirudi rangi hafifu, nendeni kiwanda cha pili, mkae kitako muonje. Ila udogo wa glasi za kuonjea usiwadanganye: glasi 4 za mililita 120 za bia ya asilimia 7 zina kileo sawa na chupa mbili za mililita 330 za asilimia 5. Stauti, ile bia nyeusi, ya asilimia 10, gawaneni glasi moja.

Kichaka_Njia:
Naongezea kwa dada. Kama wana bia isiyo na kileo, hiyo Jumamosi haina neno. Kuna utafiti wa Ujerumani kwa wanaume 277 waliokimbia marathoni ya Munich mwaka 2009: waliokunywa lita 1 hadi 1.5 za bia isiyo na kileo kila siku, wiki 3 kabla ya mbio na 2 baada yake, waliugua mafua na koo kidogo kuliko waliopewa kinywaji cha kufananisha. Wanasayansi walihusisha hilo na polifenoli, kemikali za asili zitokazo kwenye mimea, siyo kileo.

Mwendo_Pole:
Asanteni sana. Limebaki la gari. Asiyekimbia ndiye dereva wetu Jumapili, na naye anataka kuonja. Akinywa kidogo mchana, apate kahawa, tuondoke jioni?

MamaPesi:
Hapana. Kahawa itamfanya awe macho tu, kileo kitabaki pale pale kwenye damu. Ini lina mwendo wake, takriban bia moja ya kawaida kwa saa, na hakuna cha kuliharakisha. Jumapili dereva asinywe kabisa.

Lakini asinyimwe. Yeye hana mbio, kwa hiyo Jumamosi wakati ninyi mnatafuna kimea, yeye aonje kwa raha zake, mradi usiku huo hashiki usukani. Bia za kiwanda cha pili mnunulieni chupa akanywe nyumbani. Mkiweza kuchagua, chukueni chupa za kahawia. Za kijani hazizuii mwanga vya kutosha, na jua likiipiga bia yenye hopsi inaanza kunuka vibaya. Zifunikeni vizuri humo garini, na kama bia haijachujwa, mkifika tu iwekeni kwenye friji ikiwa imesimama.