Kwaresima na Ramadhani zikiangukia pamoja: ratiba, jiko na Ijumaa katika shule ya msingi ya Kikatoliki (Malindi)

Mwalimu_wa_Zamu
Hamjambo walimu. Jumatano ya Majivu ya 2027, Kwaresima inapoanza, ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatazamiwa kuanza karibu tarehe 8, mwezi ukiandama. Shule ni ya Kikatoliki, hapa Malindi, PP1 (chekechea) hadi Gredi ya 6. Watoto ni 200, na kama 60 ni Waislamu. Masomo mazito niyaweke saa ngapi? Jikoni tupike kiasi gani ili tusimwage chakula? Na Ijumaa tuipange vipi, maana kuna swala na kuna Njia ya Msalaba, ibada ya Wakatoliki ya Kwaresima? Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii.

Mwl_Kaskazi
Mwalimu, anza na saa ndipo upange masomo. Mtoto anayefunga ameamka kama saa kumi kula daku. Hadi saa nne na nusu bado yuko vizuri. Kuanzia saa sita kiu na usingizi humjia kwa pamoja, na Februari hapa pwani darasa la mabati huwaka. Kwa hiyo Hisabati na kusoma viingie katika vipindi vinne vya kwanza. Kwa Gredi ya 4 hadi 6 kipindi ni dakika 35, kwa hiyo hapo una saa mbili na dakika 20 za akili timamu. Zitumie vizuri.

Usipime kusoma kwa sauti mchana. Midomo ikikauka mtoto hukatakata silabi, anameza mate katikati ya neno, na mwalimu anaandika kwamba hajui kusoma, kumbe ni koo tu. Mpime asubuhi. Mchana soma wewe, wao wasikilize kisha wajibu kwa kuandika au kuchora.

Michezo iwe kipindi cha kwanza, kivulini, na iwe ya kudaka na kulenga shabaha. Mbio ziahirishwe. Usiwaketishe wanaofunga pembeni wakitazama wenzao, utawafanya waonekane wagonjwa.

Jambo la umri walimu wengi hulisahau. Kwa sheria ya Kanisa, kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na mfungo wenyewe ni kuanzia miaka 18 hadi 59. Kwa Waislamu saumu ni wajibu kwa aliyebaleghe. Wengi wa watoto wetu basi wanajizoeza tu, kwa hiyo mwalimu asimuulize mtoto mbele za watu, "Mbona leo hujafunga?" Tena wasichana wakubwa wana siku zao. Na ukiona kizunguzungu, kichwa kinauma au midomo imepasuka, mketishe kivulini, mpe maji kidogo kidogo, kisha mpigie mzazi simu.

Jikoni_Kwanza
Nijibu la jiko. Kipimo cha kawaida cha pure kwa mtoto mmoja ni gramu 150 za mahindi, 40 za maharagwe, 5 za mafuta na 3 za chumvi. Watoto 200 ni kilo 30 za mahindi na kilo 8 za maharagwe. Wakifunga 60, wanabaki 140, yaani kilo 21 na kilo 5.6.

Tatizo ni kwamba hao 60 hawatulii. Wadogo wengi hufunga nusu siku, adhuhuri wanataka sahani. Mahindi na maharagwe yamelowekwa tangu jana jioni, na hesabu ya asubuhi inakuja umechelewa. Ukiloweka ya watu 200, yanayobaki yakilala siku ya pili kwa joto hili yanatoa povu na harufu ya chachu, ni ya kumwaga. Basi loweka ya 140, na weka kando kilo 2 za mchele, ambao hauhitaji kulowekwa na unatosha watoto 13. Mwalimu wa darasa alete idadi ya walaji kabla ya saa tatu, idadi tu, bila majina. Maji ya kulowekea maharagwe yamwagwe, na maharagwe yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto.

Wakati wa chakula wanaofunga wakae maktaba au chini ya mwarobaini pamoja na mwalimu, upande moshi wa jiko usikofika. Na wasiofunga wasikatazwe kunywa maji bombani.

Mwalimu_wa_Zamu
Shukran sana, hilo la mchele sikuliwaza kabisa. Na Ijumaa je?

Ustadh_IRE
Ijumaa za Ramadhani zitakuwa nne: 12, 19 na 26 Februari, na 5 Machi. Adhuhuri Malindi wakati huo inaingia kama saa sita na dakika 35. Wavulana waandikwe katika daftari la geti, waende na mtu mzima, na wawe wamerudi saa nane kasorobo. Katika nafasi hiyo usiweke somo jipya. Ukiweka Hisabati hapo, watoto wale wale wanakosa kipindi kile kile mara nne.

Njia ya Msalaba ianze saa nane. Wakati huo watoto wa Kiislamu wawe na mwalimu wa IRE (somo la dini ya Kiislamu) darasani, wasiachwe uwanjani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, hapa Kanisa, malezi ya kiroho, na papo hapo inamtaka alinde imani ya wengine.

Sadaka ya chakula watoto wanaweza kuitoa pamoja. Zakatul-fitri lakini isiingie humo: ni pishi kwa kila kichwa, ina wanaostahiki wake, na hutolewa kabla ya swala ya Idi. Iacheni mikononi mwa wazazi.

Katekista_Pwani
Nakubaliana na Ustadh. Kikapu cha Kwaresima kipokee nafaka kavu tu, kibaba kimoja kwa anayeweza. Mchele na maharagwe viwe katika ndoo tofauti zenye vifuniko, na mkague kila Jumatatu. Mkiona vumbi la unga chini ya ndoo, wadudu wameshaingia. Anikeni na mgawe wiki hiyo hiyo.

Kuhusu majivu ya kupaka pajini: matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, hata ya mnazi, yachomwe yakiwa makavu kabisa, kisha yachekechwe kwa chujio la chai. Msiyakoroge kwa maji. Majivu na maji ni magadi, na ngozi ya paji la mtoto huungua. Yapakeni makavu.