Ushauri: Baa za kale za waandishi London kwa siku moja

Mwanagenzi
Wakuu, habari za humu. Nitakuwa London nikiwa na Jumamosi moja tu ya kuzunguka. Nataka kuziona Ye Olde Cheshire Cheese na The George, zile zinazotajwa sana kwenye habari za waandishi Charles Dickens na Samuel Johnson. Sinywi pombe, na nitaongozana na mtoto wa miaka 12. Nianzie wapi, na utaratibu wa mle ndani ukoje?

Kalamu Kavu
Anzia Fleet Street, mkuu. Shuka kituo cha Blackfriars au Chancery Lane. Cheshire Cheese anwani yake ni namba 145, ila wengi huipita kwa sababu mlango hauko barabarani. Tafuta kichochoro kinaitwa Wine Office Court, mlango uko humo, na pembeni yake kuna ubao wenye majina ya wafalme na malkia waliotawala tangu jengo lisimame. Jengo ni la 1667, mwaka mmoja baada ya Moto Mkuu wa London.

Ndani kuna giza, dari ziko chini na ngazi za kwenda kwenye maghala ya chini zimebana, kwa hiyo begi kubwa liache hotelini. Fika mara inapofunguliwa. Wateja wa chakula cha mchana wakishajaa, vile vyumba vidogo vya mbele, ambavyo ndivyo vya kuona, hutavipata. Saa za kufungua hakikisha siku moja kabla, maana baa za eneo lile huishi kwa wafanyakazi wa ofisini na wikiendi ratiba hubadilika.

Kuhusu Johnson, sikiliza hadithi zao lakini usizimeze zote. Hakuna maandishi ya wakati wake yanayothibitisha kwamba alikuwa mteja pale. Kinachojulikana ni kwamba aliishi nyumba ya 17 Gough Square, hatua chache kutoka hapo, kuanzia 1748 hadi 1759, na kamusi yake ikatoka 1755. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho yenye kiingilio. Ukipandisha kichochoro hichohicho unaifikia. Waliokutana kwenye baa hiyo kwa uhakika ni washairi wa Rhymers' Club, miaka ya 1890, Yeats akiwa mmoja wao.

Bibi Shamba
Nyongeza: Cheshire Cheese ni ya kampuni ya Samuel Smith, ambayo 2019 ilipiga marufuku simu na kompyuta ndani ya baa zake. Muziki na televisheni pia hakuna. Picha zipige kichochoroni.

Mpigachapa
Utaratibu sasa. Ukikaa mezani ukisubiri mhudumu, utasubiri hadi jioni. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba mwenyewe. Hakuna foleni ya kuonekana, lakini kila mtu anajua nani kamtangulia; aliyekutangulia akirukwa, mwachie. Usipunge noti wala kupiga mluzi. Bakshishi ya kaunta hailazimu.

Kutokunywa si tatizo: agiza soda, juisi au chai, na maji ya bomba wanatakiwa kisheria kukupa bure ukiyaomba. Wenzako wakiagiza bia, painti ni mililita 568 na nusu yake 284. Mtoto wa miaka 12 sheria inamruhusu kuingia akiwa na mtu mzima, lakini kila baa ina masharti yake, hasa jioni, kwa hiyo uliza mlangoni.

Mwanagenzi
Ahsanteni sana. The George je? Nasikia Shakespeare alikunywa pale.

Kalamu Kavu
Si katika jengo hilo. Shakespeare alifariki 1616, na The George unayoiona ilijengwa upya 1677 baada ya moto wa 1676. Sifa yake halisi ni roshani za mbao zinazotazama uani. Ndiyo pekee ya aina hiyo iliyobaki London, na hata hapo ni upande mmoja tu, kwani sehemu nyingine ilibomolewa na kampuni ya reli 1889. Dickens anaitaja kwenye riwaya yake Little Dorrit. Tabard, nyumba ya wageni ambako mahujaji wa hadithi za mshairi Chaucer waliondokea, ilikuwa jirani. Leo mahali pake panaitwa Talbot Yard.

Kutoka Fleet Street ni kama kilomita 2: vuka daraja la Blackfriars, pinda kushoto Southwark Street hadi mwisho, kisha kulia Borough High Street. Iko namba 77, ng'ambo ya barabara, nyuma ya geti. Mchana wa Jumamosi soko la Borough hapo jirani hufurika, basi kaeni uani. Roshani zinaonekana vizuri zaidi kutokea nje, na kwa mtoto kuna nafasi.

Mpigachapa
Mkitaka kula hapo, shika namba ya meza kabla hujaenda kaunta, wataiuliza. Mkimaliza, endeleeni kusini kidogo hadi kanisa la St George the Martyr. Pembeni yake umebaki ukuta wa gereza la Marshalsea, alikofungwa baba yake Dickens kwa deni 1824. Kuutazama ni bure.