Mtihani wa Kifini (YKI) ukiwa bado Mtwara: nianzie wapi?

BintiShangani:
Habari zenu wakuu. Mume wangu yuko Ufini, mimi nipo Mtwara mjini nasubiri kibali. Nina miaka 38 na Kifini changu ni cha programu ya simu tu. Naambiwa ukitaka uraia huko mbeleni lazima uthibitishe lugha, na wengi hutumia YKI. Naweza kuufanyia Dar kabla sijaondoka? Nichukue ngazi ipi, na hapa nijiandaeje bila mwalimu?

Mtaalamu_wa_Ligula:
Dada, Dar hakuna. YKI hufanyika Ufini kwenyewe. Huku fanya maandalizi tu.

Ngazi ziko tatu: perustaso (alama 1 na 2), keskitaso (3 na 4) na ylin taso (5 na 6). Uraia unataka alama 3, yaani B1 kwa kipimo cha Ulaya, kwa hiyo yako ni keskitaso. Ukiikosa 3 hapo hupewi 2 ya kufutia machozi, unaandikiwa tu kwamba uko chini ya 3.

Mtihani una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kwa uraia unatosha ukipata 3 kwenye kuongea na kuandika, au kusikiliza na kuandika, au kusoma na kuongea. Tazama vizuri hiyo orodha: kusoma na kusikiliza peke yake haimo. Ndiyo maana mtu wa programu ya simu anakwama. Amezoea kuchagua jibu, siku ya mtihani anatakiwa alitoe mwenyewe.

Korosho_Ghafi:
Mi ningesema aanze perustaso, aonje kwanza.

Mtaalamu_wa_Ligula:
Kuonja kwa hela? Perustaso hata ukiipasua haikupi 3. Mifano ya maswali ipo bure mtandaoni, aonjee hapo.

Mama_Mikindani:
Niongezee kwenye kuongea, maana ndiko Mswahili anakojichongea. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Kifini mkazo uko silabi ya kwanza siku zote, na urefu wa sauti unabadilisha maana. *Tapaan sinut* ni nitakutana nawe. Ukiikata ikawa *tapan sinut*, umemwambia mtu utamuua. Konsonanti nazo hivyo hivyo: *tuli* moto, *tulli* forodha. Rekodi sentensi kwa simu, kisha sikiliza urefu tu, mengine yaache kwanza.

Halafu ujue hukai na msahihishaji ana kwa ana. Unavaa hedifoni, swali linatoka kwenye rekodi, unapewa muda mfupi wa kujipanga, unaongea kwenye kipaza sauti, na wenzako chumba hicho hicho wanaongea kwa pamoja. Ukizoea kimya utapotea. Kajirekodi karibu na kijiwe cha bodaboda, weka saa, na usisimame mpaka muda uishe. Ukikosea neno, lirekebishe uendelee. Kunyamaza ndiko kunakoumiza, msahihishaji hana cha kupima.

Kuandika: fanya mazoezi ya ujumbe kwa rafiki, barua pepe rasmi, na maoni. Kitenzi kijifunze pamoja na mkia kinaoutaka kwenye neno linalokifuata: *pidän kahvista* (napenda kahawa), *odotan bussia* (nasubiri basi), *soitan äidille* (nampigia mama simu). Na kwenye kukanusha, *minulla ei ole autoa* (sina gari), siyo *auto*. Jibu kila kipengele cha swali. Barua tamu iliyoruka kimoja inapoteza alama.

BintiShangani:
Asante dada. Na kusikiliza? Bando langu ni la mawazo.

Mama_Mikindani:
Tovuti ya Yle ina habari kwa Kifini chepesi (selkouutiset). Soma maandishi, hayali bando, sauti sikiliza ukipata waifai. Ila vitabu vinakufundisha *minä olen* (mimi ni), mtaani wanasema *mä oon*. Mwambie shemeji aongee nawe hivyo kwenye simu, asikuonee huruma.

Mtaalamu_wa_Ligula:
Ukishafika: usajili unafunguliwa saa 4 asubuhi ya kule, na nafasi za Helsinki huisha ndani ya dakika chache. Tafuta pia miji midogo, mtihani ni ule ule. Lipa ndani ya muda uliopewa la sivyo nafasi inafutwa. Nenda na pasi ambayo haijaisha muda. Majibu huchukua kama miezi miwili, kwa hiyo usipange ombi la uraia wiki inayofuata. Cheti chenyewe hakina mwisho wa matumizi.